Picha Hamsini kwa Sekunde

Mwalimu Okwakol alimwona yule mtu kwa mara ya kwanza Jumanne moja saa nne asubuhi, jua limekwisha panda juu ya Malaba na malori yananguruma kwenye foleni ya kuingia Uganda. Kwenye televisheni hakuwepo. Kwenye rekodi ya mchezo wa kompyuta alikuwepo, amesimama kando ya kizuizi cha barabara, mweupe, mdogo kama punje ya mchele.

Mwalimu alidhani ni kosa la mitambo. Wiki nzima mitambo ilikuwa imemsumbua.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, ile aina ya kibodi nene ambayo kila kitu kimo ndani yake. Unaichomeka kwenye televisheni, na programu zake unaziweka kwenye kaseti za kawaida. Padri mmoja Mzungu aliyefundisha hesabu pamoja na Mwalimu ndiye aliyemwachia alipohamishwa, mwaka wa tisini na mbili. Mwalimu akaipeleka nyumbani, na mwanawe Ilukor, aliyekuwa na miaka minane, akaikalia kama kuku juu ya mayai. Alipofika miaka kumi na mmoja alikuwa ametunga mchezo wake mwenyewe. Lori linatokea upande wa kushoto, linafika kwenye kizuizi cha mpaka, unabonyeza kitufe, kizuizi kinainuka, lori linaingia Uganda. Basi. Hakuna kushinda wala kushindwa.

Mwaka huohuo, tisini na tano, malaria ilimpanda kichwani, na siku ya tatu akafa hospitalini. Mwalimu na mkewe Zilpa hawakujaliwa mtoto mwingine.

Miaka ishirini na tisa ile kompyuta ilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mwalimu alipostaafu aliifungua, akakuta kaseti zimeanza kubanduka, unga wa kahawia unabaki kwenye vidole. Hofu ikamshika. Kaseti zikiisha, kazi ya mtoto imeisha. Ndipo akanunua laptopu ya mtumba kule Busia, na kisanduku kidogo cha kunasa picha, ili mchezo wa Ilukor uwe video ambayo haitaoza.

Kunasa picha za mashine kama ile si jambo la kubonyeza tu. Ilitoa picha hamsini kila sekunde, na laptopu, usipoielekeza, hunasa ishirini na tano na kuzitupa zilizobaki. Tena Ilukor, kwa kuwa mashine haikuwa na nguvu ya kuchora kila kitu kwa mpigo, alichora lori kwenye picha moja na kizuizi kwenye picha inayofuata, zamu kwa zamu, haraka kiasi kwamba jicho linaona vyote viwili. Kwa hiyo rekodi ya kwanza ya Mwalimu ilikuwa na lori bila kizuizi. Ya pili ilikuwa na kizuizi bila lori. Akasoma, akauliza watu kwenye mtandao, akarekebisha hadi laptopu ikanasa zote hamsini na kuzifunga kwenye faili bila kuzikoroga rangi. Kisha akaipitia rekodi picha moja baada ya nyingine, kuhakikisha hakuna iliyopotea. Lori. Kizuizi. Lori. Kizuizi. Lori. Mtu.

"Mama Ilukor," akaita. "Hebu njoo."

Zilpa alitoka jikoni akifuta mikono kwa leso. Alikuwa binti wa kijiji cha Khunyangu, mwanamke wa maneno machache. Akainama mbele ya laptopu.

"Huyo ni nani?"

"Si ndiyo nakuuliza?"

"Mimi najua nini ya kompyuta, Mwalimu? Labda Ilukor alimchora."

"Nimesoma mistari yote ya programu. Kuna lori, kuna barabara, kuna kizuizi. Mtu hayuko."

Kisha Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala, "Labda ni yeye mwenyewe."

"Usiseme hivyo."

"Mama Ilukor, labda ni yeye."

Alikuwa amekwisha sema mara mbili.

Jumatano alirekodi tena. Yule mtu alikuwa amesogea, ametoka kwenye kizuizi na kufika katikati ya barabara. Alhamisi alikuwa na mikono. Ijumaa alikuwa na uso, na hapo ndipo Mwalimu alipolia, kwa sababu mashine ile ilijua rangi nane tu na vinukta vyake vilikuwa vikubwa kama choroko, lakini uso ule ulikuwa na ngozi, ulikuwa na kivuli chini ya pua, na masikio yaliyochomoza kama ya watu wa ukoo wao. Kwenye televisheni, wakati wa kucheza, hakukuwa na kitu isipokuwa lori na kizuizi. Ilibidi anase, afunge faili, afungue, ndipo mtoto aonekane.

Harufu ilianza mwisho wa wiki hiyo. Kwanza ilikuwa vumbi lililopashwa moto, harufu ya kawaida ya mitambo iliyokaa sana. Halafu, kila ilipofika saa sita mchana na kivuli cha nyumba kikaisha kabisa ukutani, chumba kilijaa harufu ya mtoto aliyetoka kucheza mvuani, nywele mbichi na matope na jasho changa, na nje mvua haijanyesha mwezi mzima. Mwalimu alifumba macho akaivuta. Zilpa aliisikia kutoka jikoni, sufuria ikamponyoka.

Siku ya tatu ya harufu hiyo kaseti nayo ikaanza kulia. Programu ikisomwa kutoka kwenye kaseti hutoa mlio mkali unaokwaruza masikio, na walikuwa wameuzoea tangu zamani. Lakini sasa ulilia kinasa sauti cha kusomea kaseti kikiwa kimechomolewa. Zilpa aliukuta chumbani, mchana kweupe, ukitoka chini ya kitanda mahali lilipokuwa lile sanduku tupu, ukipanda na kushuka kama mtu anayejaribu sauti mbalimbali akitafuta moja itakayomfaa.

Alimwita katekista. Katekista aliomba, akanyunyiza maji ya baraka pande zote nne. Mlio haukukatika hata kidogo, na alipoaga alitembea haraka bila kugeuka nyuma.

Jumapili wifi yake Akol, dada wa Mwalimu, alikuja kula nao. Akol alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mashine ya kusaga karibu na soko. Alijaribu kuchangamsha meza.

"Kaka, unakumbuka siku Ilukor alianguka na baiskeli yako, akapasuka kidevu? Ulimkimbiza kwa daktari umevaa kiatu kimoja."

Mwalimu aliweka tonge chini. "Kidevu gani?"

"Lile kovu lake. Si ulikuwa ukilishikashika akiwa analala?"

"Hakuwa na kovu."

Akol akacheka, kisha akamtazama Zilpa, kisha hakucheka tena. Walipomaliza kula Zilpa aliingia chumbani akafungua rekodi ya siku hiyo. Mtoto alikuwa amesimama karibu kabisa, ameinua uso. Kwenye kidevu palikuwa na kovu jembamba lililopinda. Akafungua ya jana. Kidevu kilikuwa laini.

Tangu hapo alianza kumchunguza mumewe, na kila siku alikuta kitu kimepungua. Mwalimu alisahau kwamba mtoto alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na kwenye rekodi mtoto akapunga mkono wa kushoto. Alisahau shati la njano la Krismasi, na mtoto akalivaa. Alisahau jinsi alivyokuwa akicheka hadi anapata kwikwi, na kutoka kwenye spika ya laptopu, katika rekodi ya mashine ambayo maisha yake yote ilijua kutoa mlio mmoja tu wa kulia pii, kikatoka kicheko, halafu kwikwi. Mambo mengine yote Mwalimu aliyakumbuka. Alijua bei ya mahindi, alijua majina ya wanafunzi wake wa mwaka wa themanini. Ni mtoto tu aliyekuwa anachotwa.

Na kadiri mtoto alivyochotwa ndivyo Mwalimu alivyozidi kukaa pale. Hakuoga, hakwenda misa. Asubuhi moja alinyoosha kikombe bila kumtazama mkewe.

"Zilpa, niongezee chai."

Zilpa alimimina hadi chai ikafurika, ikamwagikia meza. Tangu siku waliporudi na mtoto mchanga kutoka hospitali, miaka arobaini, mumewe hakuwahi kumwita kwa jina lake.

Mchana huo Mwalimu alisinzia kwenye kiti, na Zilpa akafanya jambo ambalo alilijuta baadaye kuliko yote. Alikaa kwenye kibodi mwenyewe. Alijiambia anataka kuona tu, mara moja, kwa sababu walibakiwa na picha moja tu ya shule iliyokwisha kupauka, na yeye pia alikuwa mzazi. Alirekodi kama alivyomwona mumewe akirekodi, akafungua faili, na mwanawe alikuwa pale, anajaza kioo chote, anapumua, kope zake zinapigapiga, na alimtazama mama yake moja kwa moja akasema, "Toto," kama watoto wa Kiteso wanavyowaita mama zao, na Zilpa alisogeza uso karibu hadi pua ikagusa kioo na akakaa hivyo, hakujua ni muda gani, analia na kucheka, hadi mguu ukafa ganzi.

Alipoinuka alihisi kuna kitu hakipo. Alitafuta ndani ya kichwa chake kama mtu anayepapasa mfukoni. Kule hospitalini, usiku wa tatu, kabla ya kufumba macho, Ilukor alikuwa amemwambia maneno. Alikuwa amemvuta kitambaa, akamwambia. Zilpa alikuwa ameyabeba maneno hayo miaka ishirini na tisa, ameyarudia akipika, akilima, akingoja usingizi. Sasa aliona kitanda, aliona dripu, aliona midomo ya mtoto ikisogea. Maneno hayakuwepo.

Alikimbia hadi kwenye mashine ya kusaga, bila viatu.

"Akol, ameninyang'anya," alinong'ona. "Huyo si mtoto wetu. Anatula."

Akol alifunga mashine, akaita boda, wakaenda Busia wote wawili hadi mtaa wa Burumba, kwa Maalim Oduori, mshona kanzu aliyejulikana kwa kutoa majini. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwasikiliza akiwa ameshika sindano, na walipomaliza alikuwa bado hajashona hata mara moja.

"Mzee ndiye aliyetangulia kumwita?"

"Alisema labda ni yeye," Zilpa akajibu. "Alisema mara mbili."

"Basi alimpa jina. Hao hukaa popote penye kitu kinacholiliwa kimyakimya, wanangoja. Hawana sura. Ukiwapa jina la mpendwa wako, wanakula sura yake kutoka kwako."

"Ukimtoa, atarudisha?"

Maalim alivua miwani. "Mama, sitakudanganya. Akitoka anatoka na alichokula. Na mzee amebakiwa na kidogo sana. Lakini mkimwacha, akimmaliza mtoto atakula kumbukumbu yako kichwani mwa mzee, kisha jina lake mwenyewe, kisha mzee atasahau kumeza chakula. Nimezika mmoja hivyo."

Zilpa alitazama vitambaa vyeupe vilivyotundikwa ukutani. Akol alimshika bega.

"Mtoto atakuwa wapi, sasa?" Zilpa akauliza.

"Kwako tu, mama. Kile kilichobaki kwako."

Walifika Malaba kesho yake kabla ya saa sita. Mwalimu alikuwa anarekodi. Hakuwasalimu. Maalim aliweka makaa kwenye chetezo, akatia udi na mvuje hadi macho yakawasha, akafunga madirisha.

"Mimi kompyuta siijui," akamwambia Zilpa pembeni. "Mimi nitasoma. Kufuta utafuta wewe. Zile rekodi zote, na kaseti ichomwe."

"Kaseti aliiandika kwa mkono wake."

"Najua. Pole. Huko ndiko jini alikojificha."

Alianza kusoma. Mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Mara ya pili ule mlio ukaanza, kutoka chini ya kitanda, kutoka darini, kutoka kwenye redio iliyozimwa, na Mwalimu akainuka kwenye kiti akafunika kibodi kwa kifua chake kama mtu anayekinga mtoto asipigwe. Akol akamkumbatia kutoka nyuma, akamvuta. Mzee yule, aliyekonda hadi mbavu zinahesabika, alimburuta dada yake chumba kizima.

"Papa!" sauti ikaita kutoka kwenye televisheni. "Papa, wananiua!"

"Msimwumize!" Mwalimu akapiga kelele. "Ni mtoto wangu! Ni..." Akatafuta jina, mdomo umefunguka. Halikuja. "Ni wangu tu! Ni wangu!"

Zilpa aliing'oa kaseti, akauvuta utepe wake kwa vidole, mita baada ya mita, akaurundika juu ya makaa. Ulijikunja, ukanuka. Kisha akaketi kwenye laptopu. Rekodi zilikuwa ishirini na sita, na Mwalimu alikuwa amezipa zote jina moja, Ilukor, na tarehe. Alizichagua zote, akabonyeza, na laptopu ikamuuliza kama ana hakika anataka kuzifuta kabisa, na wakati uleule, bila mtu kuifungua, video ya mwisho ikajifungua yenyewe na kujaza kioo, na mtoto alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali, dripu mkononi, midomo imekauka, shuka lilelile la kijani, na alinyoosha vidole kana kwamba anashika kitambaa cha mama yake, akasema, "Toto," halafu akaanza kuyasema, yale maneno yenyewe, kwa sauti yake yenyewe ya usiku ule, na Zilpa aliyatambua kama unavyotambua hatua za mtu wako anapokaribia mlango, neno la kwanza likaanza kuja, na alijua kwamba akingoja pumzi moja tu atayapata yote na hatayapoteza tena, na alijua pia ni nani anayempa.

Alibonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Mlio ukakatika ghafla hivi kwamba masikio yakauma. Kitu kikapita mlangoni bila mlango kufunguka, na kuku wote wa uani wakapiga kelele, kisha wakatulia. Mwalimu alilegea mikononi mwa Akol. Walimlaza, akalala hadi kesho yake asubuhi.

Alipoamka aliomba uji, akanywa vikombe vitatu. Alioga, akanyoa ndevu. Alipoiona ile kibodi mezani aliigeuzageuza akauliza kama wanaweza kumpa mtu wa vyuma chakavu. Zilpa alisema sawa. Wiki hiyo mume wake alinenepa kidogo, akaanza tena kwenda misa, akaimba. Akol alimwambia Zilpa washukuru Mungu, na Zilpa alishukuru. Ule mwanzo wa neno la kwanza alioupata kwenye kioo aliurudia peke yake jikoni, lakini mwanzo bila mengine haukuwa na maana yoyote. Ulikuwa "usi," kama vile "usilie," au "usiogope," au "usiende." Hakujua.

Mvua zilipoanza, Mwalimu alichukua jembe akaenda kupalilia nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda mrefu. Zilpa alimwona dirishani amechutama, anafuta kitu kwa kiganja. Kisha akaja hadi mlango wa jikoni, matope miguuni.

"Kuna kaburi dogo pale kwenye migomba," akasema. "Limeandikwa Ilukor. Huyo ni wa nani?"

Zilpa alikuwa anachambua mchicha. Aliendelea kuchambua majani mawili, matatu.

"Ni mtoto wangu," akasema. "Alikufa akiwa na miaka kumi na mmoja."

Mwalimu alivua kofia. Aliegemeza jembe ukutani, akafuta mkono wake kwenye suruali, akaingia, akauchukua mkono wa Zilpa na kuushika kwa mikono yake yote miwili, kama watu wanavyofanya matangani.

"Pole sana, Zilpa," akasema, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. "Kumzika mtoto si jambo dogo. Sikujua ulipitia hayo."

"Asante, Mwalimu."

Alibaki amemshika, akitafuta neno jingine la kumfariji.

"Na baba yake?" akauliza. "Aliweza kuvumilia?"

"Hakuweza," Zilpa akasema. "Alimpenda mno."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, akisikitika kwa ajili ya mtu yule asiyemjua. Halafu akavuta kigoda, akaketi karibu naye, akaanza kumsaidia kuchambua mchicha.